Bendi kongwe ya rock: usiku wa kwanza wa ziara, katikati, au wa kufunga?

GitaaBovu:
Wakuu, salaam. Nina hela ya tiketi moja tu pamoja na safari yake, na bendi yenyewe ni ya wazee. Ziara imeshatangazwa. Naona njia tatu: onyesho la kufungua, onyesho la katikati wiki kama sita baadaye, au lile la kufunga. Bei za viti hazipishani kiasi cha kunipa jibu.

Moyo unanivuta usiku wa kwanza. Nataka taa zizimwe nikiwa sijui wimbo gani unaanza. Rafiki yangu kanicheka, anasema usiku wa kwanza ni mazoezi ya kulipiwa. Mliowahi kwenda mnasemaje?

Mzee_wa_Besi:
Rafiki yako anajua anachosema. Tazama U2 walivyofungua ziara yao ya PopMart pale Las Vegas, 25 Aprili 1997. Tarehe za ziara zilishapangwa, albamu ikachelewa kuisha studio, na kilichobanwa ni mazoezi. Albamu imetoka Machi, Aprili wako uwanjani na tao la manjano, limau kubwa la vioo na skrini inayotisha. Wimbo mmoja uliwavurugikia katikati, wakausimamisha wakauanza upya. Mbele ya uwanja mzima!

Halafu tafuta video ya Mexico City, Desemba mwaka huohuo. Limau ni lilelile, ila bendi utadhani ni nyingine. Mimi nakwenda katikati, sina mjadala.

MamaRifu:
Mzee, hao U2 mwaka 1997 walikuwa vijana wa miaka thelathini na kitu. Walikuwa na muda wa kukolea. GitaaBovu kasema bendi ya WAZEE.

Nikukumbushe Aerosmith. Ziara yao ya kuaga ilianza Philadelphia tarehe 2 Septemba 2023. Wakapiga onyesho la pili, wakapiga la tatu tarehe 9, na hapo mwimbaji wao Steven Tyler akaumia koo. Ziara ikaahirishwa, na Agosti 2024 wakatangaza kwamba hawatazunguka tena. Maonyesho yalikuwa yamepangwa kama 40, yakapigwa matatu. Waliosema "acha kwanza bendi ikolee" wako wapi? Wamerudishiwa hela, basi.

Nyie hesabuni makosa ya gitaa. Mimi nahesabu umri.

Mzee_wa_Besi:
Hoja hiyo inakata kotekote, mama. Mwaka 2019 Rolling Stones walikuwa waanzie Miami mwezi Aprili, mwimbaji wao Mick Jagger akahitaji upasuaji wa vali ya moyo, tarehe zikasogezwa. Ziara ikaja kuanza Chicago tarehe 21 Juni. Mwenye tiketi ya "usiku wa kwanza" akajikuta ana tiketi ya usiku mwingine kabisa, na hoteli kashalipia.

MamaRifu:
Lakini alimwona, sivyo? 😄

Fundi_Mitambo:
Nimefanya kazi ya sauti kwenye maonyesho makubwa miaka kadhaa, ngoja niseme yanayoonekana upande wa huku nyuma.

Bendi hufanya mazoezi na mitambo yote kwenye ukumbi mtupu. Ukumbi mtupu unavuma. Sauti inagonga sakafu na viti inarudi. Ukishajaa watu, miili na nguo zinanyonya sauti, hasa ile nyembamba ya juu, na kila ulichopima mchana kinabadilika. Usiku wa kwanza fundi anarekebisha huku onyesho likiendelea. Nyimbo mbili tatu za mwanzo utasikia besi imevimba na sauti ya mwimbaji imezama ndani ya magitaa, kisha taratibu inapanda. Usiku wa kumi anaanza na vipimo vya jana yake, anasogeza kidogo tu.

Taa ndiyo hivyo hivyo. Kila wimbo una mpangilio wake wa taa na picha za skrini, kwa hiyo siku za mwanzo bendi hushikilia orodha ileile ya nyimbo ili watu wa mitambo wasipotee. Anayetaka wimbo wa kushtukiza, ambao haujapigwa miaka 20, mara nyingi ataupata ziara ikishatulia.

Ila kwa wazee kuna jambo moja linaloupa usiku wa kwanza uzito: koo. Mwimbaji wa miaka 75 hatakuwa na koo zima kuliko siku hiyo. Ndiyo maana ratiba zao zina mapengo. Stones mwaka 2024 walianza Houston tarehe 28 Aprili, kisha New Orleans 2 Mei, Glendale 7 Mei, Las Vegas 11 Mei. Siku tatu nne kati ya onyesho na onyesho. Bendi ya vijana ingepiga mara mbili ya hapo.

Plektra:
Nilishasimama mstari wa mbele usiku wa kwanza wa bendi moja ya zamani (siitaji, nawapenda mno). Niwaambie nilichokiona.

Dakika tano kabla, fundi mmoja alikuwa amepiga magoti katikati ya jukwaa, tochi ameing'ata kwa meno, anabandika utepe wa gundi juu ya waya. Jasho linadondoka. Taa zikazima naye bado yuko pale, akatoka amechuchumaa kama bata. Wimbo wa tatu mpiga gitaa akaletewa gitaa, akapiga nyuzi mara ya kwanza, akalitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Nyuzi zimekazwa kwa wimbo mwingine! Akalirudisha, akaja kwenye maikrofoni akacheka, na mpiga ngoma akajaza pengo peke yake, dakika nzima hivi. Mwimbaji macho yalikuwa yanashuka kila ubeti kwenye kile kioo kinachomwonyesha maneno ya wimbo, miguuni pake.

Mwaka uleule niliwaona tena, ziara iko mwishoni mwishoni. Hakukuwa na kosa hata moja. Vichekesho vilivyosemwa kati ya nyimbo vilikuwa vimeshakaririwa, nilivisikia kwenye video za miji mingine neno kwa neno, mpaka pale pa kunyamaza kusubiri watu wacheke.

Ukiniuliza ni usiku upi ninausimulia, nadhani umeshajibiwa.

NusuToni:
Mnajibu kana kwamba bendi zote ni moja. Angalieni bendi inafanya kazi vipi.

AC/DC: walifungua Gelsenkirchen tarehe 17 Mei 2024, ziara yao ya kwanza tangu 2016, mpiga ngoma mpya, mpiga besi mpya, mwimbaji Brian Johnson alikuwa na miaka 76. Orodha yao haitikisiki sana toka mwanzo hadi mwisho wa ziara. Huko ukienda usiku wa kwanza au wa mwisho unapewa kitu kilekile. Tofauti itakuwa pumzi ya Brian tu.

Bruce Springsteen: Tampa, 1 Februari 2023, nyimbo 28, mara ya kwanza na bendi yake, E Street Band, kwenye ziara tangu 2017. Pale usiku wa kwanza ulikuwa na maana, hakuna aliyejua wanarudi na nini.

Metallica ni kesi ya peke yake. Amsterdam, Aprili 2023: usiku wa tarehe 27 na wa tarehe 29, na hakuna wimbo unaorudiwa kati ya huo na huo. Jukwaa ni duara katikati ya uwanja, kuna mashabiki ndani ya lile duara, na Lars Ulrich ana seti nne za ngoma anazozungukia. Mwenye tiketi ya usiku mmoja ameona nusu ya onyesho. Kwa bendi ya namna hiyo swali lako, GitaaBovu, halina jibu mpaka uongeze tiketi.

GitaaBovu:
Hela ya tiketi ya pili haipo 😅 Bendi yangu ni ya aina ya AC/DC, wanabadilisha nyimbo mbili tatu tu.

KambaYaMwisho:
Naona usiku wa kufunga hauna mtetezi, nijitoe mimi. Rush walimaliza ziara ya R40 kule Los Angeles, 1 Agosti 2015. Neil Peart, mpiga ngoma wao, ambaye miaka yote alikuwa akimaliza anaondoka zake, siku hiyo alikuja mbele ya jukwaa akasimama na wenzake wawili kuwaaga watu. Walioanza nao Tulsa mwezi Mei hawakuona hilo. Mwimbaji Tom Petty naye alimalizia Hollywood Bowl tarehe 25 Septemba 2017, wiki moja kabla hajafariki.

MamaRifu:
Na kuna aliyejua kwamba ule wa Petty ndio wa mwisho? Hakuna. Usiku wa mwisho unaujua ukishapita. Wa kwanza umeandikwa kwenye tiketi.

Kuhusu makosa: Houston 2024 Jagger alikuwa na miaka 80, mpiga gitaa Keith Richards naye 80, na ziara inadhaminiwa na AARP, chama cha Wamarekani wa miaka 50 na kuendelea. (Nilicheka sana nilipoona tangazo.) Walikuwa na nyimbo za albamu mpya ambazo hawakuwahi kuzipiga mbele ya uwanja. Mtu wa umri huo anayekubali kukosea wimbo mpya hadharani, mimi namlipa.

Mzee_wa_Besi:
Haya, nalegeza kidogo. Kwa bendi isiyobadilisha orodha, na mwimbaji wa miaka sabini na kitu, nenda mapema. Lakini si usiku wa kwanza wenyewe, nenda wa pili au wa tatu. Koo bado zima, na Fundi keshajua besi inavimba wapi.

Fundi_Mitambo:
Hilo nalikubali, ndilo ningemshauri ndugu yangu.

Plektra:
Sikubali. Usiku wa pili orodha ya nyimbo iko kwenye intaneti kabla hujavaa viatu. Kasema anataka kuingia gizani hajui kinachoanza. Hilo lipo usiku mmoja tu katika ziara nzima.

GitaaBovu:
Plektra kanishika pabaya. Nimekata shauri, usiku wa kwanza. Sasa nisimame wapi?

Fundi_Mitambo:
Nyuma kidogo ya katikati, karibu na meza ya sauti. Fundi anarekebisha kwa masikio yake, kwa hiyo anaporidhika yeye utaridhika na wewe. Kule mbele kabisa utasikia spika za jukwaani na ngoma tupu. Na ubebe viziba masikio. Brian Johnson aliambiwa na madaktari mwaka 2016 aache mara moja la sivyo atakuwa kiziwi, Axl Rose wa Guns N' Roses akaja kumalizia ziara.

Plektra:
Na usifike mapema mno. Jioni bendi inajaribu mitambo, huwa kuna mashabiki wanategea masikio ukutani nje ya uwanja, saa moja baadaye nusu ya orodha iko mtandaoni. Simu izime ukiwa bado kwenye foleni.

Mzee_wa_Besi:
Uje utuambie wimbo wa ngapi ndio besi ilikaa sawa. Mimi nasema wa nne.