Mjadala: Kama skizofrenia huanzia tumboni, mama analaumiwa kwa lipi?

Wakuu, tukizungumzia skizofrenia kwetu, yaani ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli, wapo wanaosema kijana karogwa na wapo wanaosema bangi imemharibu. Siku hizi wameongezeka waliosikia kwamba ubongo wa mgonjwa huanza kwenda kombo tangu mimbani. Hao humgeukia mama: ulikula nini, ulifanya nini? Msingi wa hoja yao naukubali, hukumu yao naikataa.

Ushahidi mzito umetoka Uholanzi. Wafanyakazi wa reli walipogoma Septemba 1944, Wajerumani, waliokuwa wameiteka nchi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, walizuia chakula kisifike miji ya magharibi. Mwanzoni mwa 1945 mgawo wa mtu mzima ulikuwa chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watoto ambao mimba zao zilitungwa njaa ikiwa imepamba moto walipofika utu uzima, skizofrenia iliwapata karibu mara mbili ya wengine. Na wengi wao walizaliwa na uzito wa kawaida, maana chakula kilirudi Mei 1945, mimba zikiwa bado changa! Mizani ya hospitali isingemwonya mtu. China nako, eneo la Wuhu, hatari ya kuugua skizofrenia ilipanda kutoka asilimia 0.84 kwa waliozaliwa 1959 hadi 2.15 kwa waliozaliwa 1960, katikati ya njaa kuu.

Sasa isomeni vizuri hiyo asilimia 2.15. Karibu watu 98 katika kila 100 hawakuugua, ingawa mama zao walishinda na njaa. Kuna mama gani aliyefunga njia za chakula Uholanzi? Anayetafuta wa kulaumu aanze na wenye madaraka wanaoacha mjamzito alale njaa, hasa miezi ile ya mwanzo ambapo wengi hata kliniki hawajafika.

Wenye msimamo kwamba kila kitu huamuliwa tumboni, nawaletea swali moja. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walipiga picha za ubongo za jozi 15 za mapacha wa kufanana, mmoja mgonjwa na mwenzake mzima. Katika jozi 12 walimtambua mgonjwa kwa macho tu, kwa sababu nafasi zenye majimaji ndani ya ubongo wake zilikuwa kubwa zaidi. Vinasaba ni vilevile, mama ni yuleyule, mimba ni hiyohiyo. Mmoja kaugua, mwenzake hakuugua. Mama huyo alikosea nini kwa mmoja ambacho hakukikosea kwa mwingine?