Samadi ya Kisongo, DAP au Minjingu kwa bustani ya Tengeru?

Mche_Mchanga: Wakuu habari zenu. Wiki hii nina hela ya kitu kimoja: kenta ya samadi kutoka maboma ya Kisongo, au mbolea za dukani, DAP na urea. Jirani ananishawishi Minjingu, ile mbolea ya mawe ya fosfati. Msimu uliopita mavuno yalishuka sana. Nichukue ipi?

BwanaShamba_Moshi: Eneo kiasi gani? Zao gani? Udongo umepima? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mche_Mchanga: Nusu eka, nyanya na kabichi, maji ya mfereji. Sijapima.

Jembe_Kali: DAP mkuu. Nitrojeni asilimia 18, fosfati asilimia 46, miche inashika haraka. Samadi utaingoja.

BwanaShamba_Moshi: Udongo wa volkano wa Meru unaing'ang'ania fosfati, mmea unapata kidogo. Ukimwaga DAP shamba zima umetupa hela. Weka kwenye shimo pamoja na samadi iliyoiva. Minjingu nayo inataka udongo wenye tindikali, ndiyo maana nauliza vipimo.

Mama_Figiri: Samadi naiamini, wauzaji ndio siwaamini. Dalali mmoja alinishushia kenta usiku, akaapa imeiva, akachukua hela yake yote. Nafika shambani asubuhi, vijana wameshajaza mashimo na kupanda hoho. Nikifukua, joto linatoka! Miche ikaungua majani, mingine ikalala kabisa. Halafu zikaota ndago, mwanangu, palizi haikuisha, vibarua wakadai nyongeza. Simu hapokei mpaka leo. Ingiza mkono katikati ya lundo kabla hujalipa. Ikiwa ya moto au inanuka mkojo, mwambie ageuze gari.

Zamu_ya_Usiku: Mnajadili mbolea wakati huko juu watu wanaziba mfereji! Nyanya zangu zilioza kitako, duka likaniuzia dawa ya ukungu. Kumbe ni kalsiamu, na maji ya leo yapo kesho hakuna.

Jembe_Kali: Wa juu nao wana mashamba, ndugu. Kamati ndiyo ipange zamu.

Zamu_ya_Usiku: Kamati ipi? Wajumbe wote wanakaa juu.

Mche_Mchanga: Jamani, udongo napeleka wapi?

BwanaShamba_Moshi: Anzia TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, hapo hapo Tengeru, waulize. Chota sehemu mbalimbali za shamba, kina cha sentimita 20, changanya, peleka kidogo.

Jembe_Kali: Miche iko kitaluni, haisubiri maabara. DAP.

Mama_Figiri: Kenta ya Kisongo wanauza shilingi ngapi siku hizi?