Korosho ghafi zipigwe marufuku kwenda nje? Watu wa Mtwara tuongee

Wadau habari za leo, kila msimu ukikaribia inaibuka hii hoja kwamba serikali ikataze kabisa korosho ghafi kwenda nje, zote zibanguliwe hukuhuku Mtwara, vijana wapate kazi. Mi mtoto wa Newala na ajira nazitaka sana tu ila hiyo marufuku naipinga.

Pale mnadani wanaopandisha bei ni wanaopeleka India na Vietnam. Oktoba 2024 mnada wa kwanza kilo ilivuka 4,000, watu wakaezeka bati. Sasa hao ukiwafungia mlango anabaki nani? Mwenye kiwanda wa ndani anatakiwa anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi miwili mitatu, aujaze ghalani ndo aanze kubangua mdogomdogo, na hela yenyewe ya mkopo riba inamkimbiza. Hawezi. Bei itaanguka na ataumia mkulima. 2018 si tuliona wanunuzi walivyosusa, Magufuli akatangaza 3,300 na kuleta jeshi libebe korosho, halafu watu wakakaa miezi wanasubiri uhakiki, yaani serikali ikague kama korosho ni za mkulima kweli, ndo walipwe.

Mdau wa Masasi: Kwa hiyo kaka tuendelee kuwapelekea Wavietnam ajira zetu? Viwanda vya miaka ya 70 vingine leo ni maghala. Gesi ndo usiseme, 2013 watu waliandamana bomba lisiende Dar, likaenda, sisi tumebaki na bodaboda. Dangote kajenga kiwanda cha saruji sawa, ila kimoja kitaajiri mkoa mzima??

Mwanzisha mada: Kwenye gesi sina ubishi. Ila viwanda vile usisingizie ghafi kwenda nje, korosho zenyewe ziliisha bwana. Mwanzoni mwa miaka ya 70 nchi ilifika tani kama 145,000, ikaja operesheni vijiji watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao, msimu wa 1986/87 hata tani 20,000 hazikufika. Mashine zikawa zipo, cha kubangua hamna.

Mama wa Tandahimba: Wanangu mnagombania ajira ya kubangua, kuna aliyewahi kuifanya? Mafuta ya ganda yanaunguza vidole ngozi inabanduka, unajipaka majivu unaendelea, jioni unalipwa kwa kilo na zilizovunjika wanakukata. Tunaokaa pale ni wanawake, hao vijana mnaowasema siku ya pili tu hawarudi. Kiwanda kije lakini mseme kwanza glavu zipo na kilo moja shilingi ngapi.

Mdau wa Masasi: Mama hapo umetupiga. Lakini Msumbiji hapo ng'ambo ya Ruvuma miaka ya 90 Benki ya Dunia iliwabana wapunguze ushuru wa ghafi kwenda nje, viwanda vikafungwa maelfu wakakosa kazi. Soko huria nalo lina wenyewe.

Mwanzisha mada: Ndo maana sisemi tuache huria, nasema tutumie ushuru, si marufuku. Na ushuru wa ghafi sisi tunao tayari! Asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao mpaka 2018 bunge lilipopitisha yote iende mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa kusini walipiga kelele weee. Fungu kama lile likopeshwe kwa wabanguaji kabla ya Oktoba, waingie mnadani na hela mkononi washindane na Mhindi. Na masharti ya mkopo yaanze na hayo ya mama, glavu na bei ya kilo. Anayepinga aje na hesabu, matusi hapana.