Naombeni ushauri: Subaru ya rali imelala miaka, nianzie wapi?

Wadau salaam, ami yangu kaniachia Impreza GC8 yake ya rali, imelala Likoni tangu 2014 na mwaijua chumvi ya bahari. Tangini petroli yanuka vanishi, pistoni za breki zimekwama, ila injini yazunguka kwa mkono baada ya kutia oili kwa mashimo ya plagi. Fundi asema tupige stata tuisikie, mi naona bila taimingi belti mpya, hii kuukuu ikikatika pistoni zitagonga valvu tuzipinde bure. Mikanda ya kiti ishaekspaya zamani, hiyo nanunua tu. Kinachoniuma kichwa ni roli keji, ile fremu ya mabomba ndani ya gari ya kukinga watu likipinduka, miguuni kwenye maungio imeota kutu chini ya rangi, je ikisuguliwa ikachomelewa upya wakaguzi wa rali wataipitisha ama nikate yote? Na nani achomelea keji kwa uhakika huku Mombasa?