Kihamba cha marehemu kiuzwe au kibaki?

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Kibosho, kwetu Uchagani, Kilimanjaro, tumemzika baba mkubwa. Juzi kikao cha ukoo kimekaa kuhusu kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, na wazee hawataki hata neno "kuuza" litajwe. Makaburi ya babu zetu yako pale, masale, mmea wetu wa mila, yamepandwa mpakani, basi. Kitinda mimba, ambaye kwa mila ndiye mrithi wa nyumba ya baba, yuko Mwanza na harudi.

Mimi nasema kiuzwe, ila kwa mwanaukoo au jirani. Kihamba kilikuwa kazi kabla hakijawa heshima: mringaringa juu, migomba chini yake, kahawa kivulini, magimbi kando ya mfongo (mfereji wa maji), ng'ombe zizini anayeletewa majani na kulipa kwa samadi. Sasa tembea uone. Mibuni imeng'olewa, mfongo umekauka maana siku ya kuuzibua hatokei mtu, na jirani ana jumba la vigae linalofunguliwa wiki mbili za Desemba, mbege, pombe yetu ya ndizi, inywewe, mbuzi achinjwe, geti lifungwe. Hiyo ni mila au likizo? Kwa baba mkubwa hata mibuni imekwisha, kabaki ng'ombe mmoja tu.

Nipingeni.

*

Pole na msiba, mkuu. Lakini ukimuuzia mwanaukoo leo, kesho naye atamuuzia nani? Kwetu Machame tulianza hivyohivyo. Kwanza jirani, halafu mtu wa mjini, na sasa kaburi la bibi liko nyuma ya ukuta wa mtu, tunabisha hodi kwenda kulipalilia. Nyumba ifungwe hata miaka kumi, lakini ardhi ibaki yetu. Kahawa inapandwa upya, kaburi halihamishiki.

*

Kaka zangu, mnabishana vizuri, ila mtoa mada kasema ng'ombe yupo. Nani anamkatia majani?

Nauliza kwa sababu kwetu ni mimi. Nateremka tambarare, napanda na mzigo kichwani, na mama nimemuuguza mpaka mwisho. Kaka zangu walikuja na futi kamba. Nikaambiwa binti ni wa kuolewa, hana kihamba. Wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili! Wahaya nao walikuwa na hadithi hiyohiyo ya kibanja, shamba lao la ukoo. Holaria Pastory alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, mpwa wake akakimbilia mahakamani kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ikasema anauza kama mwanamume yeyote, na mpwa akilitaka shamba alipe bei, alikomboe.

Kwa hiyo kabla ya kiuzwe-kisiuzwe, semeni kwanza ni cha nani.

*

Dada umeanza vizuri, hapo kwenye mahakama sikufuati. Mambo ya ukoo yanaisha kwa mzee na kibuyu cha mbege. Ukishampeleka kaka yako kortini, Desemba mtakula wapi?

*

Ndugu, hiyo mbege nani anaipika?

*

Mtoa mada hapa. Dada, nimelisoma swali lako mara mbili. Yupo. Ni binti wa pili wa marehemu, alirudi kutoka kwa mumewe miaka mingi iliyopita. Kikao kilipokaa alikuwa jikoni akitupikia.

Kikao kinarudi Jumapili.