Naomba ushauri: seramu ya niasinamidi inaniwasha uso

Ndugu zangu, habari za leo. Naomba msaada wa wale wenye uzoefu na vipodozi vya Kikorea. Nina ngozi ya mafuta, na chunusi zilizopona mwaka jana zimeniachia madoa meusi kwenye mashavu yote mawili. Wiki 6 zilizopita nilianza kupaka seramu yenye asilimia 10 ya niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, asubuhi na usiku, baada ya kunawa uso na kabla ya losheni. Mafuta ya puani yamepungua kweli, hilo siwezi kulikana, lakini kila nikipaka uso unawaka kwa dakika 10 hivi, na pembeni mwa pua ngozi imeanza kubanduka magamba madogo madogo.

Nimejaribu kupaka usiku tu, matone mawili badala ya manne, tena juu ya losheni. Mwasho umepungua bila kuisha. Nimesoma kwamba Korea Kusini kiwango kinachotambuliwa rasmi kwa vipodozi vya kung'arisha ngozi ni asilimia 2 hadi 5, jambo lililonishangaza, kwa kuwa dukani niliambiwa kwamba kadiri kinavyozidi ndivyo bora. Mafuta ya kukinga jua, nakiri, huwa nayasahau.

Je, nishuke moja kwa moja hadi asilimia 5, au niache kabisa kwanza mpaka ngozi itulie? Na kwa wenye ngozi nyeusi, madoa yenu yalianza kufifia baada ya muda gani?