Mnauza safari ya Maziwe bila hata kujua maji yanatoka saa ngapi

Wakuu, nimekaa siku nne nikisema nipoe kwanza ndipo niandike. Sijapoa.

Wikendi iliyopita nilimchukua binti yangu wa miaka 11 tukajiunga na safari ya kundi ya siku tatu. Tangazo lilisema hivi: kutoka Dar Ijumaa saa mbili asubuhi, kufuata pwani kwa njia ya Bagamoyo na Saadani, kusimama Kaole kuona magofu, kulala kwenye mahema Ushongo, ufukwe wa Pangani, na Jumamosi kwenda Maziwe, fungu la mchanga baharini, kuogelea kwa miwani na mrija juu ya matumbawe. Shilingi 285,000 mtu mzima, 180,000 mtoto. Jina la waandaaji silitaji, nimewapa hadi Ijumaa warudishe hela za watu. Ila yaliyotokea nayasema yote.

Mimi ni mtoto wa Kipumbwi, kijiji cha wavuvi huko huko Pangani. Baba yangu alivua maji yale mpaka nguvu zilipomwisha. Nilitaka mwanangu aone kwa macho yake bahari iliyomlea babu yake na kunisomesha mimi, na gari langu lipo gereji, ndiyo maana nikalipia safari ya watu.

Kosta ilikuja saa nane mchana. Bagamoyo hatukuiona, Kaole hatukuiona, Saadani ndiyo kabisa. Dereva alikata Chalinze, Segera, Muheza, bila mtu yeyote kuulizwa. Safari ya pwani tuliyolipia ikawa ya kuangalia mashamba ya mkonge mpaka giza likaingia. Tukafika Pangani saa nne usiku, kivuko cha kwenda Bweni kimeshasimama, tukalala kwenye viti watu 27 na mbu. Haya yote ningeyameza. Barabara ni barabara, mtu huchelewa.

Nisichoweza kukimeza ni Jumamosi.

Tulivuka asubuhi na mapema, saa mbili tupo Ushongo. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, na aliyekulia pwani akiuona mwezi mpevu hahitaji simu kumwambia kitu: ni bamvua, zile siku maji hujaa na kutoka kupita kawaida. Siku za bamvua huku kwetu maji hutoka sana asubuhi, kwenye saa nne au saa tano yamekauka, kisha yanaanza kurudi, na alasiri yamejaa hadi juu. Kwa Maziwe hilo ndilo jambo la kwanza kujua, kwa sababu kisiwa chenyewe hakipo tena. Wazee wanakumbuka mivinje pale na kasa waliokuwa wakipanda kutaga. Mivinje ikakatwa, bahari ikaula mchanga, leo limebaki fungu linaloonekana maji yakitoka na kuzama yakijaa. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukweni Ushongo, yakiachwa hufa maji. Huwezi kuwapeleka watu Maziwe saa unayojisikia wewe.

Nahodha wa boti ya kwanza, mzee wa pale pale, alikuwa ametusubiri tangu alfajiri. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia muandaaji: "Mwanangu, maji yanatoka, twende sasa hivi. Ikifika saa sita yanarudi." Akajibiwa kwamba wateja wanywe chai kwanza, na mahema yasimamishwe, na boti ya pili bado haijafika. Mzee akarudia. Akajibiwa, "Mzee, ratiba tunapanga sisi." Yule mzee ni wa kupewa shikamoo, na alijibiwa hivyo mbele ya watu. Nikaingilia, nikasema huyu anajua anachosema. Nikaambiwa niwe mvumilivu.

Mahema yenyewe yalikuwa 9 kwa watu 27. Mawili hayakuwa na vyuma vya kusimamishia.

Tuliondoka Ushongo saa saba kasoro. Laifu jaketi zilikuwa 11. Miwani ya kuzamia ilikuwa mingi lakini nusu yake mpira umekatika au inaingiza maji, watu wakawa wanapokezana mrija mdomo kwa mdomo. Ndani ya boti zile mbili kulikuwa na watu ambao hawajawahi kuingia baharini maisha yao yote, kuna dada alitoka Dodoma, anatetemeka kabla hata hatujaacha ufukwe. Hakuna aliyeulizwa kama anajua kuogelea. Hakuna aliyepewa hata dakika mbili za maelezo: usikanyage tumbawe, usishike kitu, ukichoka lala chali uinue mkono.

Tulipofika, maji yalikuwa yanajaa kwa kasi, kama yanavyojaa siku ya bamvua. Fungu lilikuwa limebaki kipande, mkondo unavuta, maji yameshaanza kuwa na vumbi la mchanga. Mzee alitia nanga yake mchangani upande wa fungu, kama inavyotakiwa. Boti ya pili, ambayo waandaaji waliikodi kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu na vijana wake si wenyeji wa maji yale, ikaambiwa isogee mpaka juu ya matumbawe ili watu wasichoke kuogelea. Aliyetoa amri hiyo ni muandaaji. Vijana walifanya walichoagizwa.

Mimi na binti yangu tulikuwa tayari ndani ya maji, nyuso zimeinama. Chini yetu kulikuwa na tumbawe la matawi, pana kama meza ya kulia watu wanane, na juu yake samaki wadogo wa rangi ya kijanikibichi wamesimama kama wingu. Ukisogea wanaingia kwenye matawi wote kwa pamoja, ukitulia wanatoka. Binti alikuwa ananibana mkono kwa furaha. Ndipo nanga ikashuka. Nanga ya nondo, ile ya kuchomelea yenye kucha nne. Niliona ikigonga katikati ya lile tumbawe, na sauti ya kuvunjika ikafika masikioni kabla vumbi halijapanda. Kisha mkondo ukaivuta boti, kamba ikakaza, na ile nanga ikaburuzwa hatua nne au tano hivi huku ikipindua kila kilichokuwa mbele yake. Vumbi lilipotulia, pale palipovunjika palikuwa peupe kama chokaa. Wale samaki walikuwa bado wanazunguka palepale, hawana pa kuingia.

Mtoto aliinua kichwa, akavua miwani, akaniambia, "Baba, wamevunja." Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nanga ilikaa pale karibu saa nzima.

Watu nao, kwa kuwa mkondo unawavuta na wengi hawana jaketi, walifanya anachofanya mtu yeyote anayeogopa kufa maji: walisimama. Walisimama juu ya matumbawe kwa mapezi na kwa miguu mitupu. Siwalaumu. Dada wa Dodoma akakanyaga wale wadudu wa baharini wenye miba mirefu myeusi, miba ikamkatikia unyayoni, na sanduku la huduma ya kwanza likawa limesahaulika Ushongo. Wakati anatolewa miba kwa pini ya ushungi, mwongozaji wa kundi alikuwa anapitisha kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, mkono kwa mkono juani watu wapige picha. Nilikihesabu kikipita mikono sita.

Chakula cha mchana tulichoahidiwa juu ya mchanga hakikulika. Saa tisa maji yalishaingia kwenye sufuria, tukabeba vyombo kichwani, maji kiunoni, watoto mabegani, kurudi kwenye boti.

Sasa nisikilizeni wale mnaosema "ni tumbawe tu, litaota". Tumbawe ni mdudu mdogo anayejenga nyumba ya chokaa juu ya nyumba ya aliyemtangulia. Lile la duara hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Yale ya matawi hukua haraka zaidi, lakini ndiyo yanayovunjika kwa urahisi. Matumbawe ya mkoa wa Tanga yamepigwa baruti miaka nenda rudi. Mwaka 1998 maji yalipopata joto, matumbawe ya bahari yetu yakapauka na mengi yakafa. Yaliyobaki Maziwe yamebaki kwa kuwa kuna watu waliyalinda, na eneo lile limetengwa tangu 1975. Baba yangu alikatazwa kuvua pale, akatii, na nyumbani tulikuwa na njaa siku nyingine. Mvuvi wa Kipumbwi anatii, halafu mtu anatoka mjini na simu na spika, anaingia na nanga ya nondo, na anatuchangisha kila mmoja hela ya "ada ya hifadhi".

Hiyo ada nayo: tulilipa mkononi, juu ya hela ya safari. Malipo ya serikali yana kontroli namba na risiti. Nimeomba risiti mara tatu, mara mbili ana kwa ana na mara moja kwa ujumbe. Sijaonyeshwa. Kama ililipwa, kuonyesha risiti ni kazi ya sekunde kumi.

Ninachotaka ni hiki. Hela ya siku ya Jumamosi irudishwe kwa watu wote 27, si kwangu peke yangu kwa kuwa ndiye niliyepiga kelele. Risiti ya hifadhi iwekwe hadharani. Na yule mzee aombwe radhi, maana angesikilizwa saa mbili asubuhi tungekuwa juu ya fungu saa tatu na nusu, maji yametulia, boti zote mbili mchangani, na watu wangeona matumbawe bila kuyagusa.

Na ninyi mnaopanga kwenda, kabla hujalipa muulize muandaaji siku hiyo maji yanatoka saa ngapi na boti itatia nanga wapi. Akianza kukuambia habari za ratiba, shika hela yako. Ukifika Ushongo tafuta nahodha wa palepale, atakupangia saa yeye.

Picha za ile nanga ninazo tatu, kamera ya majini alikuwa nayo binti. Jumatatu nawapelekea watu wa hifadhi ya bahari.

NYONGEZA: Wameniondoa kwenye grupu la WhatsApp leo saa moja jioni. Dada wa Dodoma bado yumo, anasema wameshaweka tangazo la safari nyingine ya Maziwe mwezi ujao, kuondoka Ushongo saa saba mchana. Nimetazama kalenda. Mwezi utakuwa mpevu.